Mjadala: Muuaji kwenye mchezo apewe utu, au abaki jini tu?

Mleta mada, Jinja

Wadau nawasalimu. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye kikundi chetu cha maigizo limeshatugawa mpaka mazoezi yamesimama. Tunaandika mchezo wa enzi za Amin, kuna mhusika ni mtu wa State Research, wale polisi wa siri wa Amin waliokuwa Nakasero, Kampala, na wenzangu wengi wanataka aingie, apige watu, atoke, asipewe hata sentensi moja ya kueleweka, kwamba ukishampa utu umeshamtetea. Mimi napinga, na sipingi kidogo.

Huyo mtu wanayemtaka tunamjua wote. Miwani nyeusi hata usiku, suruali ya bugaluu, na anaongea Kiswahili. Mchezo mzima watu wanaongea Luganda au Lusoga, mbaya akiingia tu Kiswahili kinaanza. Najua kilikotoka, wazee wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani mdomoni mwa askari mwenye bunduki, hilo lilitokea na hakuna haja ya kulificha. Ila limekuwa njia ya mkato, mwandishi hajisumbui tena kutafuta kwa nini huyu mtu anaua, anampa "mikono juu!" na ukumbi mzima unajua wa kumchukia. Na sisi tuliozaliwa kwenye nyumba za Kiswahili tunakaa pale tunaisikia lugha tuliyobembelezewa ikigeuzwa sare ya muuaji. Inauma.

Kinachonisumbua zaidi lakini ni ukweli. Januari 1971 jeshi chini ya Amin lilipompindua Rais Obote watu walijaa barabara za Kampala wanashangilia. Mwaka uliofuata Wahindi wakapewa siku 90 waondoke na wengi wetu walipiga makofi, wengine wakagaiwa maduka wakawa "mafuta mingi", yaani matajiri wa ghafla. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akachukuliwa mahakamani mchana kweupe na hakurudi. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Sasa ukimwandika jini tangu ukurasa wa kwanza, wale waliokuwa wanacheza barabarani utawaeleza vipi? Walikuwa wajinga wote? Mtazamaji lazima kwanza acheke na huyu mtu, akubaliane naye kwenye jambo moja au mawili, mikono yake mwenyewe ipige makofi pale kitini, ndio baadaye aletewe gharama ya yale makofi.

Forest Whitaker alipoigiza Amin kwenye filamu ya The Last King of Scotland alifanya hivyo na Oscar ya 2007 aliistahili, unampenda kabla hujaanza kumuogopa. Filamu yenyewe kwangu imepungua kwingine, macho yote kapewa daktari wa Scotland ambaye ni wa kutungwa, na Waganda wanaokufa wanapita tu kama watu wa njiani.

Halafu tusiambiane kwamba haya mambo ni ya Hollywood. Walumbe wa hadithi ya Waganda, yaani Kifo, je? Dada yake Nambi anaondoka na mumewe Kintu, mtu wa kwanza, bila Walumbe kuagwa, anawafuata, anaomba mtoto mmoja tu wa kumsaidia kupika, Kintu anamnyima. Ndio watoto wakaanza kufa. Kifo chenyewe, adui mkubwa kuliko wote, waliotuhadithia walimpa dai ambalo shemeji yeyote angelielewa, na hakuna mtoto aliyewahi kuisikiliza hadithi hiyo akatoka anashangilia Walumbe.

Ila na mimi kuna kitu nakikataa. Kuna huu mtindo kwamba ukitaka adui awe na utu unamrudisha utotoni, baba mlevi, mvua inanyesha, anapigwa, basi tumuonee huruma tumalize. Huo nao ni uvivu. Wako wengi waliopigwa utotoni wakawa walimu na manesi. Mtu anakuwa mzito pale anapokuwa na nafasi ya kukataa. Kwenye rasimu yangu huyu jamaa ameahidiwa nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa, ana mdogo wake anayemlipia shule, na kwenye orodha ya usiku ule kuna jirani aliyemkopesha pesa ya mahari. Angeweza kuchelewa mpaka asubuhi, jirani akapata usiku mmoja wa kukimbia. Hakuchelewa. Hapo sitaki muziki wala kumbukumbu ya utotoni, nataka watu wamwangalie anavaa viatu. Karibuni.

Mchangiaji, Gulu

Ndugu wa Jinja nimekusoma mpaka mwisho na mengi nakubali lakini nyinyi wa huko mnaongea juu ya mtu aliyeondoka 1979. Huku kwetu ni juzi. Dominic Ongwen alichukuliwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony akiwa mtoto mdogo akienda shule, akakulia msituni mpaka akawa kamanda wao, na mwaka 2021 ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai, ikamkuta na hatia ya makosa 61 ikampa miaka 25. Mawakili wa waathirika waliomba kifungo cha maisha. Majaji wakasema utoto wake tumeuangalia kwenye adhabu, ila yale aliyafanya akiwa mtu mzima na hatia iko palepale. Sasa kila mwandishi anayekuja huku, wa Kampala na wa ng'ambo, anamtaka yeye. Anauliza alijisikiaje, alikuwa anaota nini. Mama wa kijiji cha Lukodi aliyeshambuliwa na waasi hao Mei 2004 akatafuta watoto wake kwenye moshi, nani amemuuliza anaota nini? Mwaka 2012 ile video ya kampeni ya Wamarekani kuhusu Kony ilionyeshwa Lira, watu wakakasirika mpaka wakarusha mawe, kwa sababu walienda kutafuta mateso yao wakakuta Wamarekani na sura ya Kony kwenye fulana. Mimi siogopi adui kupewa utu. Naogopa anapewa wote, sisi tunabaki maiti za kuonyesha yeye alivyo na mawazo mengi.

Mchangiaji, Bombo

Naongeza kifupi. Mimi ni Mnubi, jamii ambayo watu waliihusisha na Amin. Amin alipoanguka watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire, wengi hawakuwa wameshika bunduki maishani mwao, walilipa kwa jina na kwa lugha. Kwa hiyo jini la jukwaani haliishii jukwaani, mtoto wangu shuleni anaulizwa baba yako aliua wangapi. Mwandishi akimpa muuaji sababu zake na maamuzi yake, dhambi inakuwa ya yule mtu. Akimpa miwani na Kiswahili tu, inakuwa yetu wote.

Mleta mada, Jinja

Ndugu wa Bombo hilo nitalisoma kwa sauti mbele ya kikundi kama lilivyo.

Ndugu wa Gulu, swali lako la nafasi ni zito kuliko la kwangu na nalichukua. Lakini sikubali kwamba dawa ni kumnyamazisha muuaji, kwa sababu akinyamazishwa mwathirika naye hana wa kumjibu, analia peke yake mchezo mzima. Huko kwenu Sheria ya Msamaha ya 2000, ya kuwasamehe waasi waliojisalimisha, imerudisha maelfu vijijini, mtu aliyechoma nyumba anachota maji kwenye bomba moja na mwenye nyumba. Hao wawili wanaongea nini wakisubiri zamu? Hicho ndicho ningetaka kukiona kimeandikwa, na kiandikwe na mtu wa huko, si mimi.

Kwenye mchezo wetu nitapendekeza hivi: zile sababu zake zote, nyumba, ada ya mdogo wake, hofu ya bosi wake, asiziseme peke yake mbele ya watazamaji. Azisemee sebuleni kwa mke wa jirani, yeye amekaa, na neno la mwisho pale awe nalo mama. Aseme nini bado hatujui, tumeandika mara kadhaa na kila mara anatoka mtakatifu mno au anatukana tu. Wenye mama au bibi aliyewahi kukaa uso kwa uso na mtu wa namna hiyo, kama ni ruhusa kusimulia, tuambieni alisema nini.