Kijana wangu hasimami kwa kiapo cha bendera shuleni, baba yake anahofia uraia wetu. Nishaurini

MamaZuhura

Wana jamvi, habari za huko mliko. Tunaishi Houston, Texas. Mtoto wetu mkubwa yuko darasa la tisa, shule ya serikali. Huku kila asubuhi wanafunzi wanatamka kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani, wanafuatisha cha bendera ya Texas, kisha dakika moja ya ukimya. Tangu shule ifunguliwe kijana anabaki amekaa. Hapigi kelele wala hamsemeshi mtu. Mwalimu wa kipindi cha kwanza amekuwa akimtoa asimame nje ya mlango mpaka viapo viishe, na sasa nimeletewa barua kwamba akiendelea atabakizwa baada ya masomo kama adhabu.

Nilimuuliza sababu. Anasema baba wa rafiki yake ameshikwa na watu wa uhamiaji, yuko kizuizini, na yeye hawezi kusimama akatamka "uhuru na haki kwa wote" huku anajua hilo. Nilikosa la kumjibu.

Baba yake amewaka. Tuna grinkadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), mwakani tunafikisha muda wa kuomba uraia, anasema huyu mtoto atatufungia mlango kwa ujeuri wake. Naomba kujua mawili: shule ina haki ya kumlazimisha? Na kweli faili letu linaweza kuguswa?

Mzee Kibuyu

Mwanangu, ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Sisi tulisimama paredi juani tukaimba wimbo wa taifa mpaka wengine wakaanguka, na hakuna aliyekufa. Kusimama nusu dakika kutamvunja mguu? Mwambie asimame, akitaka afumbe mdomo.

Karani wa Dallas

Mzee Kibuyu, shikamoo, ila hao wenye chongo wenyewe walishalimaliza hili mwaka 1943.

Mimi si wakili, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, kwa hiyo MamaZuhura chukua haya kama mwanzo tu. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba shule ya Minersville, Pennsylvania, ilikuwa sahihi kuwafukuza watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuipigia bendera saluti. Baada ya hukumu ile Mashahidi walipigwa na kufukuzwa sehemu nyingi, na kule Kennebunk, Maine, ukumbi wao ulichomwa moto. Haikupita miaka mingi mahakama ileile ikajigeuza, 6 dhidi ya 3, katika shauri la West Virginia dhidi ya Barnette. Tarehe ilikuwa 14 Juni 1943, ambayo huku ni Siku ya Bendera, na vita vya dunia vimepamba moto. Yaani kama kuna wakati serikali ingepewa ruhusa ya kulazimisha uzalendo, ulikuwa ule, na bado ikanyimwa.

Jaji Robert Jackson (baadaye ndiye aliyeongoza mashtaka ya Wamarekani dhidi ya Wanazi kule Nuremberg) aliandika kwamba hakuna ofisa, mkubwa wala mdogo, anayeweza kuwapangia watu lipi ndilo sahihi katika siasa, uzalendo au dini, wala kuwalazimisha walikiri kwa maneno au vitendo. Na aliegemea uhuru wa kusema, hakuishia kwenye dini. Kwa hiyo kijana wako hahitaji kuwa na dhehebu lolote ndipo akatae. Sababu yake inatosha, na hata bila kutaja sababu inatosha.

Shemeji wa Minnesota

Karani umenena, lakini ongezea hili: Katiba ya Marekani inaifunga serikali. Shule ya binafsi, ya kanisa au ya msikiti, ina kanuni zake na mzazi alizisaini. Watu wengi wa kwetu huku wanachanganya hapo, wanadhani Marekebisho ya Kwanza, yaani kifungu cha Katiba kinacholinda uhuru wa kusema na wa dini, yanamfunga kila mtu mpaka mwenye duka.

MamaZuhura amesema shule ya serikali, kwa hiyo yuko salama upande huo.

Karani wa Dallas

Sawa kabisa. Sasa nije kwa Texas yenyewe, maana utamu na uchungu viko hapo. Sheria ya elimu ya Texas inazitaka shule ziwatamkishe wanafunzi viapo vyote viwili kila siku, ila mzazi au mlezi akiomba kwa maandishi, shule *lazima* imsamehe mtoto. Florida wana sheria inayofanana. Ilipopingwa, mahakama ya rufaa mwaka 2008 iliiachia sehemu ya ruhusa ya mzazi isimame, kwa hoja kwamba mzazi naye ana haki ya kusema juu ya malezi ya mwanawe. Wengine wanasema hukumu hiyo inapingana na ile ya 1943, na mimi ni mmoja wao. Lakini kwa leo, njia fupi kwako ni barua.

Angalizo: sheria inataja kusamehewa *kutamka*. Kwenye barua yako andika wazi kwamba hatatamka na hatasimama, wasije wakaanza kuchambua. Dakika ya ukimya haimo kwenye msamaha huo, aiheshimu.

Kuhusu kutolewa nje: mahakama ya rufaa inayohusika na New York ilikataa jambo hilo mwaka 1973, mwanafunzi alipoambiwa achague kusimama kimya au kutoka darasani. Haiwafungi Texas, ila ni hoja nzuri ya kuwakumbusha. Na mwaka 2022 shauri la mwanafunzi wa huko nje ya Houston, aliyedai mwalimu alimwandama kwa sababu ya kiapo, lilimalizwa kwa mapatano ya dola 90,000. Wakuu wa shule wanalifahamu.

Furaha wa Bukavu

Mama, pole. Mimi nilisoma wakati wa Mobutu. Kila asubuhi bendera, wimbo, halafu kumsifu yeye. Hakuna aliyethubutu kubaki amekaa, na hakuna aliyeyaamini yale maneno. Mtoto wako ameyasikiliza maneno ya kiapo mpaka yakamuuma. Mimi simwoni jeuri.

Kisima cha Pangani

Mzee Kibuyu, hata nyumbani Tanzania mambo yalishabadilika. Mahakama ya Rufani mwaka 2013 iliwapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa.

Mzee Kibuyu

Hilo la 2013 sikulisikia. Nitalisoma. Bado nasema asimame.

Shemeji wa Minnesota

Tuje kwa hofu ya baba. Mimi nimeapa uraia, fomu naijua. Wanauliza kukamatwa, kodi, safari, vyama ulivyojiunga, na kama unaiunga mkono Katiba. Mtoto alikaa au alisimama darasani, hakuna swali hilo. Tena mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grinkadi, anayeishi nanyi, mzazi mmoja akiapa naye anakuwa raia papo hapo, bila fomu ya peke yake ya kuomba.

Nisiwe muongo, watu wana hofu siku hizi na siwezi kumcheka mumeo. Ila cha kuchunga ni kingine: kijana asijibizane na mwalimu, asivuruge darasa. Mahakama ya Juu mwaka 1969, kwenye kesi ya Tinker ya watoto waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, iliwalinda kwa sababu hawakuvuruga masomo. Ugomvi wa koridoni ukiishia kwa polisi wa shule, hapo ndipo karatasi zinapoanza kuandikwa.

MamaZuhura

Asanteni sana. Nimemsomea baba yake yote, hata ya Mzee Kibuyu, akasema huyo ndiye mwenye akili humu. Lakini la fomu limempoza. Amekubali tusaini wote wawili, kwa sharti kijana akae kimya kweli na asirekodi chochote kwa simu. Barua nimpe mwalimu?

Karani wa Dallas

Hapana, mkuu wa shule, kwa barua pepe ili tarehe ibaki, nakala kwa mwalimu. Taja na ile barua ya adhabu, uombe iondolewe kwa maandishi. Wakikaa kimya wiki nzima, wasiliana na ACLU ya Texas, shirika la kutetea haki za raia, hawatozi pesa. Usimpe kijana aibebe.