Mbono kaburi badala ya alizeti: mzee anataka kusaini, nimshauri nini?

Mtoto wa Mnyaturu

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi na mzee anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Mzee wangu yuko Manyoni, ana ekari 10, analima uwele, mtama na alizeti, mvua ikikubali gunia zinapatikana, ikikataa tunatuma hela ya unga kutoka huku Dar. Wiki mbili zilizopita wamekuja watu na gari wakaitisha kikao kwa mwenyekiti wa kitongoji, wanasema wanatafuta wakulima wa kupanda mbono kaburi (ule mti mdogo wa mbegu za mafuta, jatropha) kwa ajili ya dizeli na mafuta ya ndege, mbegu wanakupa bure, mkataba miaka 15 na wanunuzi ni wao wenyewe. Kwa mzee wanataka ekari 6. Neno lao lililomwingia mzee ni kwamba dunia imekosea kutengeneza mafuta kwa mahindi, miwa na mawese maana hivyo ni vyakula, watu wanalala njaa magari yanashiba, ila mbono hauliwi na mtu wala ng'ombe kwa hiyo hauwezi kuleta njaa, alafu unaota hata kwenye mawe na ukame hauuoni.

Mimi hoja naielewa, nakubali kabisa chakula kisichomwe kwenye injini. Lakini moyo unasita, ekari 6 kati ya 10 ni nyingi. Kuna mtu humu aliwahi kulima mbono kibiashara? Inalipa? Na hiyo ya "hauliwi kwa hiyo hauleti njaa" ni kweli?

Mzee wa Kusini

Mwanangu mwambie mzee asisaini kwanza, atulie.

Mimi ni wa Lindi. Mwaka 2007, 2008 huku kusini na Pwani ilikuwa mbono kila kona na maneno yalikuwa haya haya unayoyaandika. Kilwa kampuni ya Kiholanzi ilitafuta karibu hekta 34,000 kwenye vijiji vinne, Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, kufika 2010 imefilisika. Kisarawe kampuni ya Uingereza ilipata hekta 8,211, mwaka 2011 ikasimamisha kazi watu wakarudi nyumbani. Hizo sio habari za kijiweni, zimeandikwa.

Kijijini kwetu ilikuja nyingine ndogo tu, jina silitaji. Walionyeshwa eneo wakaambiwa hili ni pori halina mtu. Kweli nyumba hazikuwepo. Lakini mimi nimekulia pale, pori lile ndio lilikuwa la kuni, asali, uyoga, na mwaka ukiwa mbaya akina mama wanaingia na majembe kuchimba ming'oko, mnaijua ming'oko nyie wa bara? Ni viazi vya porini. Ndio inayotuvusha mpaka mahindi yakomae. Basi trekta likapita, likapandwa zao ambalo haliliwi. Msimu wa pili mvua ikakata, mahindi yakaungua, mama yangu akachukua jembe kama kawaida yake akatoka alfajiri, saa nne karudi na jembe na kikapu kitupu. Akakaa kibarazani hakusema kitu. Sasa wewe niambie hiyo njaa ililetwa na zao la chakula au lisilo la chakula?

Ardhi ndio inayolisha, mmea unakuja baadaye. Ukipanda kisicholiwa mahali palipokuwa panatoa chakula umeondoa chakula, haijalishi mbegu ina sumu au haina.

Na jambo jingine la sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mgeni hapewi ardhi ya kijiji, lazima ihamishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali, na ikishahamishwa kampuni ikifa ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kama ni chini ya hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji una neno la mwisho, zaidi ya hapo ni Waziri baada ya kupokea mapendekezo yenu. Kwa mzee wako naona ni kilimo cha mkataba, ardhi inabaki yake, lakini soma kila karatasi uone hakuna mahali wanaweka shamba kama dhamana.

Nuru

Naheshimu alichosema mzee hapo juu na pole sana kwa yaliyowakuta. Ila tusiutupe mmea kwa makosa ya kampuni. Mbono unafaa kweli. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand waliruka na Boeing 747 kutoka Auckland, injini moja imechanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya mbono, na baadhi ya mbegu zilitoka huku kwetu, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Ndege ilipaa na ikatua salama.

Na tatizo la kuchoma chakula ni kubwa jamani tusilichukulie poa. Marekani zaidi ya theluthi ya mahindi yao inaenda kwenye ethanoli, ile alkoholi ya kuchanganya na petroli. Januari 2007 Mexico watu walijaa barabarani kwa sababu bei ya unga wa tortila, chapati zao za mahindi, imepanda, na ethanoli ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Yaani mahindi yakivutwa kule hata mnunuzi wa mahindi Nairobi anasikia. Kwa hiyo kutafuta zao lisiloliwa ni wazo zuri, tusilizike.

Binti Monduli

Mtoto wa Mnyaturu, mimi nimechuma mbono kwa mikono yangu miaka mitano kwa hiyo nitakwambia kitu ambacho hao wa kwenye gari hawatakwambia.

Kwanza ni kweli unaota popote. Kuota sio kuzaa! Ukiupa ardhi ya mawe bila maji hautakufa, utasimama tu unakuangalia. Ukitaka uzae unataka mvua na samadi kama mahindi, sasa kama una shamba lenye mvua na samadi kwa nini usipande chakula? Kenya mwaka 2009 watu wa ICRAF na KEFRI, taasisi za utafiti wa miti, walitoa ripoti baada ya kupita kwa wakulima waliokwisha panda, mavuno yalikuwa chini sana kuliko walivyoahidiwa na ushauri ukawa mbono upandwe kama uzio tu, sio shamba.

Pili kuchuma. Kichane kimoja cha mbono kina tunda bichi, tunda la njano na tunda jeusi kavu, yote kwa wakati mmoja, haviivi pamoja kama alizeti ukakata kichwa ukamaliza. Unachagua moja moja, wiki ijayo unarudi mti ule ule. Utomvu ukidondokea kitenge doa halitoki mpaka kinachanika. Ukifika nyumbani unabangua, kila tunda mbegu tatu, vidole vinauma. Siku nikijitahidi kuchuma na kubangua nilikuwa napata kilo 15 za mbegu kavu, na bei kwetu wakati huo ilikuwa shilingi 150 kwa kilo. Piga hesabu. 2,250 kwa siku nzima ya jua, na siku hiyo hujapalilia, hujateka maji, hujapika. Nani atachuma hizo ekari 6, ni mzee? Au mama yako?

Hapo ndio naongezea kwa mzee wa Kusini, sio ardhi tu, hata mikono. Mbono unataka mikono ya watu wale wale wanaovuna chakula na wiki zile zile.

Lakini uzio wa mbono usiuache. Mimi boma langu lote limezungushiwa, mbuzi hawaugusi, ng'ombe hawaugusi, mafuta nakamua kidogo kidogo natengeneza sabuni, na sabuni ya mbono watu wanaitafuta kwa ajili ya ngozi. Sabuni ndio imenilipa, dizeli haijawahi kunilipa. Ila watoto muwaambie, mbegu zake ni tamu zinafanana na karanga na zina sumu, mwanangu alikula tatu alitapika usiku kucha.

Fundi Dizeli

Niongezee upande wa injini maana watu wanadhani unakamua unamimina tu.

Mbegu kilo 4 mpaka 5 kwa mashine ya mkono unapata lita moja. Mafuta mabichi ya mbono ni mazito. Mashine ya kusaga ya mwendo mdogo, hizi za aina ya Lister, inayatumia, lakini unawasha kwa dizeli ya kawaida, ikishapata moto ndio unageuzia mbono, na kabla hujazima unarudisha dizeli tena isafishe, usipofanya hivyo asubuhi haiwaki na filta imeshaganda. Gari la kisasa usithubutu.

Ukitaka iwe dizeli kamili unachanganya na methanoli na kostiki soda, mafuta lita 10 kwa methanoli kama lita 2, inatulia, gliserini inakaa chini dizeli juu. Tatizo mbegu zikikaa kwenye unyevu mafuta yanachachuka, ukiweka kostiki unapata pipa la sabuni. Mimi nimeshamwaga mapipa mawili hivyo. Na methanoli yenyewe unanunua mjini kwa bei ya mjini.

Kwa hiyo kijiji chenye mashine yake ya kusaga na nyuzio zake, inawezekana. Mkulima mmoja kumlisha mtu wa ndege, sijui.

Mutua wa ndengu

Niko Makueni. Huku kwetu zao la mafuta ya injini ni mbarika, nadhani nyinyi mnaita nyonyo. Hapa kiwanda cha kukamua mbarika, mbegu za mti wa croton na mbegu za pamba kilifunguliwa 2022, mafuta yanapelekwa Italia kugeuzwa dizeli ya mimea.

Mimi sikuondoa ndengu (choroko) hata mstari mmoja. Nilipanda mbarika kwenye mpaka na pale kwa mteremko ambapo maji yalikuwa yanakula udongo, alafu ndengu na mbaazi zikabaki shambani. Msimu wa kwanza nilikosea, nikauzia broka mmoja kwa mdomo, akachukua magunia manne akaniambia kesho, hio kesho sijaiona mpaka leo. Sasa nauza kwa kikundi, tunapima pamoja kwa mizani yetu na pesa inaingia kwa simu kabla gari liondoke.

Ndugu uliza hao watu kitu moja tu: wakikosa kuja kununua, hio mbegu utamuuzia nani mwingine sokoni? Ndengu nikikosa mnunuzi nachemsha na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, tunakula. Mbarika nikikosa mnunuzi hata kuku siwezi kuwapa, makapi yake yana sumu.

Wa Mkonge Tanga

Mnabishana zao liwe lipi wakati mafuta mengine yanalala kwenye jalala! Mimi nimekulia kambini kwenye shamba la mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kukwangua majani, singa (nyuzi) zinazotoka ni asilimia 4 hivi kwa uzito, kilichobaki chote ni maji na makapi, zamani yalikuwa yanaachwa yanaoza na kwenda mtoni, harufu yake ukiwa mtoto huisahau. Pale Hale mwaka 2008 kampuni ya mkonge ya Katani kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la viwanda, wakaanza kuyaingiza makapi hayo kwenye mtambo wa baiogesi, yakawa yanatoa umeme, na tope linalobaki likawa mbolea ya kurudi shambani. Hakuna hata hatua moja ya ardhi iliyoongezwa! Mkonge ulishalimwa, singa zilishauzwa.

Molasi ya viwanda vya sukari ni hivyo hivyo, makapi ya pamba, mafuta yaliyokwisha kaanga chipsi. Hapo ndio nitasema hayagusi sahani ya mtu. Kwa hiyo hao watu wakija tena waulizwe kwanza taka za kwetu wanazifanyia nini kabla ya kugusa shamba la alizeti.

Nuru

Binti Monduli hesabu yako ya kilo 15 imenifanya nikae kimya nifikirie. Mimi nilikuwa nasoma habari za ndege na tani kwa hekta, sijawahi kujua kwamba tunda linaivia kwa zamu. Ukiniuliza sasa hivi, uzio ndio, shamba hapana, mpaka ipatikane mbegu inayoiva pamoja.

Mtoto wa Mnyaturu

Wakuu nawashukuru sana, Mungu awabariki. Nimempigia mzee simu usiku huu nikamsomea maneno yenu karibu yote, ya ming'oko nikasoma mara mbili kwa sababu aliniambia rudia. Akanyamaza kidogo akasema kwao nako 1974 walivuka kwa mlenda wa porini na matunda ya mwitu, na pori hilo la juu ndilo wanalolitaka hao watu kwa ajili ya kitalu cha miche.

Alizeti haiguswi. Mzee amekubali mpaka wa upande wa barabara, kama mita 300, ambao kila mwaka ng'ombe wa watu wanapita, hapo aweke uzio wa mbono kwa vipandikizi vya jirani, haina haja ya mbegu zao. Mama kasikia habari ya sabuni keshaanza kuuliza mashine inauzwa wapi, Binti Monduli nitakufuata pembeni kama hutojali.

Kwenye mkutano Jumamosi mzee atauliza mambo mawili mbele ya watu, wasipokuja kununua mbegu atamuuzia nani, na kwa nini miaka 15 wakati bei imeandikwa ya mwaka mmoja tu, hiyo nimeiona leo kwenye ukurasa wa tatu wa picha aliyonitumia mdogo wangu. Mzee wa Kusini naomba nikutumie kurasa zote nne uzipitie kabla ya Ijumaa.

Mzee wa Kusini

Zilete mwanangu. Piga picha mchana, nje, maandishi yaonekane, na usiache ile yenye sahihi na mihuri.