Stika ya gari Texas inaisha mwisho wa mwezi, nikichelewa kidogo kuna faini?

Binti_Pangani: Habarini ndugu zangu, niko Houston hapa kaunti ya Harris, stika ya usajili ya kwenye kioo inaisha mwisho wa mwezi huu na barua ya kurinyu (kulipia upya usajili) sijaiona, tulihama apatimenti so nahisi imeenda anwani ya zamani. Gari ni Corolla ya 2014. Naomba kujua jumla ni shingapi, na nikisubiri mshahara wa tarehe 5 itakuwaje? Kuna mtu kazini kasema penati inapanda kila siku, nina wasiwasi kweli.

Kaka wa Katy: Dada tulia, penati za kupanda kadiri unavyochelewa ziko California, Texas hakuna. Gari dogo ni dola 50.75, juu yake kuna za kaunti na 4.75 ya kushughulikia, halafu ile inspekshen ya usalama waliifuta Januari 2025 ila dola 7.50 yake bado unalipa humo humo. Kwa Harris jumla haifiki 80. Na barua sio lazima, ingia tovuti ya Texas DMV (idara ya magari) weka namba ya gari na tarakimu nne za mwisho za chesisi basi, ukiwa na bima hai unamaliza ukiwa kitandani. Wanaruhusu kuanzia siku 90 kabla, kwa hiyo mwakani lipa mapema. Badilisha na anwani tafadhali, maana stika wanatuma kwa posta.

Mama Junior: Jamani mbona hamjamwambia kuhusu moshi?? Harris kipimo cha moshi bado kipo na usipopita sistimu inakukatalia kulipa. Anza na hicho mdogo wangu, usingoje siku ya mwisho. Taa ya injini ikiwa inawaka unafeli hapo hapo, na kama umebadilisha betri juzi juzi endesha kwanza siku kadhaa, kompyuta ya gari inakuwa imejifuta na mashine inasema haiko tayari.

Dereva_Msafi: Tarehe 5 hata usihofu, kuna siku tano za kazi baada ya kuisha ambazo polisi hatakiwi kukuandikia tiketi. Zikipita ndio balaa, polisi akikuandikia tiketi faini inaweza kufika dola 200, na kwa kuwa umeandikiwa, wakati wa kurinyu wanaongeza asilimia 20 ya ada. Na ikitokea umeandikiwa usiitupe ile karatasi, rinyu ndani ya siku 20 za kazi upeleke risiti mahakamani, jaji anaweza kuifuta kwa dola 20 au pungufu. Ukilipa onlaini printi risiti ikae garini, inatumika mpaka siku 31 wakati unasubiri stika.

Binti_Pangani: Mungu awabariki sana. Taa ya injini haiwaki, kesho nikitoka shifti napitia kupima moshi, hela ya kurinyu nitamalizia tarehe 5.

Mama Junior: Ipigie bima kwanza kuhakikisha anwani mpya wanayo.