Alteneta ya Noah: niitengeneze, nichukue ya mtumba au mpya kabisa?

Sangara_wa_Igombe: Wakuu, habari za jioni. Gari limeanza kunisumbua na fundi mmoja hapa Mabatini, Mwanza, anasema alteneta (ile inayochaji betri injini ikiwaka) inakufa. Amenipa njia tatu: aifungue abadilishe kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na beringi kwa 60,000, aniletee ya mtumba kwa 150,000, au ninunue mpya, ambayo dukani wametaja 320,000. Jumatatu natakiwa Geita na mzigo, kwa hiyo kesho lazima niamue. Ipi inadumu?

FundiWaya_Nyakato: Mkuu, Noah ipi? Injini gani? Dalili zipi? Taa nyekundu ya betri inawaka? Huyo fundi amepima kwa mita au amesikiliza kwa sikio tu?

Kiboko_Nyegezi: Chukua mtumba wa Japani, usipoteze muda. Hizi mpya nyingi ni za kuigiza. Nilifunga moja, haikumaliza miezi mitatu.

Sangara_wa_Igombe: Samahani wakuu. Ni Noah old model, injini ya 3S. Taa ya betri inawaka hafifu gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), nikikanyaga mafuta inazima. Usiku nikisimama kwenye mataa taa za mbele zinafifia, nikiondoka zinang'aa. Kuna mlio wa kusaga upande wa mkanda. Betri ina miezi minne. Mita hajatumia.

FundiWaya_Nyakato: Sasa tunaongea. Taa inayowaka hafifu kisha inazima ukikanyaga, mara nyingi ni kaboni zimeisha. Kusaga ni beringi. Vyote viwili ni vya 60,000 yako. Lakini kabla hujatoa shilingi, apime mbele yako. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ukiwasha iwe kati ya 13.8 na 14.5. Halafu washa taa kali, AC na feni kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13, alteneta haimudu. Ikipanda kupita 15, regulata (inayodhibiti volti) imekufa na itakuchemshia hiyo betri mpya. Mkanda nao uangaliwe wa kwanza kabisa, ukilegea au ukiingia oili unaleta dalili hizi hizi.

Mama_Dagaa: Mwanangu, mimi nilipitia haya nikiwa na Probox ya kubebea dagaa kutoka Sengerema. Ilianza asubuhi gari haliwaki, tunabusti, linawaka. Fundi akasema betri. Nikanunua. Wiki mbili, hali ile ile. Akasema nimeuziwa betri mbovu, nikarudi dukani nikagombana na kijana wa watu ambaye hakuwa na kosa lolote, na mpaka leo linaniuma. Akanibadilishia. Siku ya tatu natoka Sengerema usiku, mvua inanyesha, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, nawahi kivuko Busisi. Redio ikaanza kukatakata. Waipa zikawa zinapanda kwa shida. Taa za mbele zikawa njano kama kibatari, mishale ya dashibodi ikaanguka, gari likazima katikati ya giza. Turubai lilikuwa limechanika, dagaa wakalowa wote. Nusu ya mtaji wangu iliishia pale barabarani. Fundi mwingine ndiye aliyekuja kugundua daiodi za alteneta (zinazozuia umeme usirudi nyuma) zilikuwa zinavuja: gari limezimwa usiku, alteneta inanyonya betri, na mchana haichaji inavyopaswa. Kwa hiyo usikubali wabadilishe kaboni peke yake. Daiodi zipimwe.

Sangara_wa_Igombe: Shikamoo mama. Pole sana. Nitamwambia azipime.

Mama_Dagaa: Marahaba mwanangu.

Msafiri_Lamadi: Mnazunguka mno. Washa gari, chomoa waya wa betri. Likizima, alteneta imekufa. Mita ya nini?

FundiWaya_Nyakato: Kaka, hilo usimfundishe mtu. Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiichomoa injini ikiwaka, volti zinaruka juu ghafla, zinaunguza daiodi, regulata, hata kontroli boksi (kompyuta ya gari). Nimepokea magari yaliyoharibiwa hivyo hivyo.

Msafiri_Lamadi: Baba yangu alifanya hivyo miaka yote kwenye Land Rover 109.

FundiWaya_Nyakato: 109 haikuwa na kompyuta. 3S inayo.

Msafiri_Lamadi: Sawa, lakini huku vijijini mita hakuna.

Kiboko_Nyegezi: Mita ndogo zinauzwa bei ya chakula cha siku mbili. Mimi narudi kwenye mtumba: hakikisha plagi ya nyuma ina pini sawa na ya kwako, puli iwe na mifereji sawa, na usome ampea kwenye kibandiko. Izungushe kwa mkono, ikikwaruza iache.

FundiWaya_Nyakato: Kwenye ampea nakuunga mkono. Sangara, una redio kubwa au kitu chochote ulichoongeza?

Sangara_wa_Igombe: Redio ya kawaida. Ila kuna inveta ya friji dogo la samaki. Wati 500.

FundiWaya_Nyakato: Mkuu, hilo ndilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza! Wati 500 zinavuta zaidi ya ampea 40 kwenye volti 12. Ukiwa sailensa alteneta haitoi hata karibu na uwezo wake wote, halafu uongeze taa na AC. Hata uweke mpya, utaichosha.

Kiboko_Nyegezi: Basi atafute ya mtumba yenye ampea kubwa zaidi.

FundiWaya_Nyakato: Na waya mnene wa kwenda betri, la sivyo ule wa zamani utaungua. Mimi bado nasema atengeneze hiyo aliyonayo na aondoe friji.

Mama_Dagaa: Friji la nini, mwanangu? Geita si mbali, daraja lipo, husubiri kivuko tena. Barafu ya kusaga na sanduku zuri lenye kifuniko vinatosha, samaki wanafika wakiwa wagumu.

Msafiri_Lamadi: Barafu inategemea samaki wametolewa matumbo au la.

Mama_Dagaa: Sangara lazima umtoe matumbo na umpange tumbo likiangalia chini, maji yatoke.

Sangara_wa_Igombe: Kesho saa mbili nakwenda kupima, nitaleta namba hapa. Mama, barafu ya pale soko la samaki la Mwaloni Jumapili inapatikana mapema?

Mama_Dagaa: Fika kabla ya saa kumi na mbili, wenye malori wakitangulia hupati.