Baba ana beji ya bluu, gari limepigwa tiketi: tulipe au tukate rufaa?

Kutoka: Mdogo wenu, Midlands

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikendi.

Naombeni msaada. Baba yangu alipata kiharusi, anatembea kwa fimbo na kwa shida, na beji yake ya bluu (Blue Badge, kibali cha maegesho cha walemavu hapa Uingereza) bado haijaisha muda. Wiki hii nilimpeleka kwa daktari wa meno. Nafasi za walemavu zilikuwa zimejaa, nikaegesha kwenye mistari miwili ya njano, ile ya kukataza kuegesha, karibu na mlango. Nikaweka beji kwenye dashibodi, nikaweka na ile saa ya karatasi ya kuonesha muda niliofika pembeni yake, nikamshika mkono tukaingia. Tulipotoka tukakuta bahasha ya plastiki imebandikwa kwenye kioo. Pauni 70, au 35 ukilipa ndani ya siku 14. Imeandikwa kosa namba 01, kuegesha kwenye barabara yenye zuio wakati wa zuio. Kuhusu beji hakuna hata neno moja.

Mke wangu anasema tulipe yaishe. Baba amekataa katakata, anasema ile beji ni haki yake. Mimi niko katikati, na siku zinakwenda. Nianzie wapi?

Kutoka: Mama, Cardiff

Marahaba mwanangu. Mpe baba pole sana, Mungu amwongezee nguvu.

Usilipe kwanza. Ukishalipa umekubali kosa na faili limefungwa, hakuna wa kukusikiliza tena. Mke wako anaogopa kupoteza ile nusu bei, na hofu hiyo naielewa, kwa wengi wetu pauni 35 si hela ya kuchezea. Lakini ukiandika pingamizi ndani ya zile siku 14 na halmashauri ikakataa, kwa kawaida wanakupa tena nafasi ya kulipa nusu. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unawataka wafanye hivyo. Kwa hiyo kuandika mapema hakukupotezei kitu.

Nimelea mtoto mwenye ulemavu nchi hii mpaka amekuwa mtu mzima, na nimewasaidia wengi kuandika barua hizi. Kinachoniuma ni kuona watu wenye haki zao wanalipa kwa sababu tu karatasi ina nembo ya halmashauri. Aliyekuandikia tiketi ni mfanyakazi tu, na kazi yake inapingika.

Leo hii fanya mambo mawili. Ingia kwenye tovuti iliyoandikwa kwenye tiketi, weka namba ya tiketi na namba ya gari, uangalie picha alizopiga. Karibu kila mara picha zipo. Zikuze, tazama kila moja, usiishie ya kwanza. Halafu rudi pale ulipoegesha, mchana, upige picha zako: barabara, vibao vyote, na hasa ukingo wa njia ya miguu. Kama kwenye ukingo kuna vistari vifupi vya njano, hapo pana zuio la kupakia na kushusha mizigo, na beji haikusaidii wakati zuio hilo linafanya kazi. Watu wetu wengi wanaangukia hapo. Wanaona mistari miwili barabarani, wanajua beji inaruhusu, hawatazami ukingo.

Kama ukingo ni msafi, basi Uingereza na huku Wales mwenye beji anaruhusiwa kukaa kwenye mistari ya njano kwa muda usiozidi saa 3, mradi beji na saa vionekane na saa ioneshe muda uliofika. Scotland hakuna kikomo hicho cha muda. Katikati ya London ni habari nyingine kabisa. City of London, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden wana taratibu zao, usiende na mazoea ya kwingine.

Na watu wasikutishe kwamba gari si la baba. Beji ni ya mtu, si ya gari. Inafanya kazi kwenye gari lolote analosafiria, awe anaendesha au amepakiwa, hata teksi. Kosa lingekuwa kuitumia wewe wakati baba yuko nyumbani, na hapo faini inafika pauni 1,000.

Niambie umeona nini kwenye picha.

Kutoka: Mdogo wenu, Midlands

Ahsante sana mama. Ukingo ni msafi, hakuna kistari hata kimoja. Picha ziko nne. Ya mbele ya gari kioo kimejaa mwanga wa mawinguni, unaona kona ya beji tu na nusu ya ile alama nyeupe ya kiti cha magurudumu iliyo juu yake. Lakini kuna moja imepigwa ubavuni, upande wa abiria. Nikiikuza, beji inasomeka mpaka tarehe ya mwisho, na saa ya karatasi iko pembeni yake, mshale uko saa nne na nusu. Tiketi imeandikwa saa tano na dakika kumi.

Kutoka: Mama, Cardiff

Basi ushahidi wako wameupiga wenyewe! Ihifadhi picha hiyo leo kwenye simu na kwenye kompyuta.

Andika kwa ufupi. Sentensi ya kwanza iseme unapinga tiketi namba fulani kwa sababu gari lilikuwa na beji halali na saa, ndani ya saa 3, mahali pasipo zuio la kupakia. Kisha eleza picha ipi inaonesha nini. Ambatanisha nakala ya beji pande zote mbili na barua ya miadi ya daktari wa meno. Nakala tu, beji yenyewe usiitume kokote.

Halafu aya moja kuhusu hali ya baba, kwa lugha ya mambo anayoyaweza na asiyoyaweza. "Baba ni mgonjwa" haitoshi. Andika kwamba hawezi kutembea umbali fulani bila kusimama, kwamba mkono mmoja hauna nguvu, kwamba asingefika mlangoni kutoka maegesho mengine. Mwisho omba kwamba hata wakiona kuna kasoro katika namna beji ilivyowekwa, watumie hiari yao kufuta, kwa sababu mwenye beji alikuwepo na beji ni halali. Hiari hiyo wanayo kisheria. Wengi hawaiombi, na asiyeomba hapewi.

Tuma kwa njia ya tovuti yao na uhifadhi uthibitisho. Ukituma kwa posta, omba kaunta wakupe hati ya kuthibitisha umetuma. Haina malipo.

Kutoka: Dada, Kent

Samahanini kuingilia, shikamoo mama. Mimi langu linafanana. Nilimpeleka mama supamaketi kwenye kiti cha magurudumu, tukaegesha nafasi ya walemavu, beji mbele kabisa. Sasa imekuja barua nyumbani, kamera zimesoma namba ya gari, wanasema tumezidisha muda, pauni 100. Niandike kama alivyoelekezwa kaka hapo juu?

Kutoka: Kaka, Luton

Dada pole, hiyo ni njia tofauti, usichanganye. Tazama juu ya barua. Ya halmashauri imeandikwa Penalty Charge Notice, ya kampuni binafsi imeandikwa Parking Charge Notice. Zote zinafupishwa PCN na zinafanana kama mapacha, ila ya kwanza ni adhabu ya kisheria na ya pili ni dai la mkataba. Kwenye ardhi ya mtu binafsi taratibu za beji za barabarani hazifanyi kazi zenyewe, kwa hiyo hoja ya "nina beji" peke yake wataikataa.

Hoja yako ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Anayetoa huduma kwa umma lazima afanye marekebisho yanayofaa kwa mlemavu, na muda wa ziada ni mfano mzuri sana. Mama anahitaji kushushwa, kusukumwa, kurudishwa garini, kiti kukunjwa. Anayetembea kwa miguu yake hana kazi hiyo.

Kabla ya lolote nenda kwa meneja wa duka ukiwa na risiti ya manunuzi, umweleze kwa upole, umwombe aiambie kampuni ifute. Njia hii inamaliza kesi nyingi, kwa sababu duka halitaki kugombana na wateja wake. Akikataa, andika kwa kampuni kama mmiliki aliyesajiliwa wa gari. Hulazimiki kumtaja aliyekuwa anaendesha. Angalia pia barua ilifika lini. Kwa Uingereza na Wales, kama ni ya kamera na imekufikia baada ya siku 14 tangu siku ya kuegesha, chini ya sheria ya mwaka 2012 hawawezi kumdai mmiliki badala ya dereva.

Wakikataa, rufaa inakwenda POPLA au IAS, vyombo vya kusikiliza rufaa za maegesho ya binafsi, kutegemea kampuni iko chama gani, na barua ya kukataa itakuambia. Lakini usizitupe barua zao kama wanavyoshauri baadhi ya watu mtandaoni. Kampuni inaweza kufungua madai mahakamani, na ukikaa kimya ukahukumiwa bila kujitetea, usipolipa ndani ya mwezi hukumu inabaki kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6.

Kutoka: Mdogo wenu, Midlands

Jamani wamenijibu. Wamekataa. Wanasema ofisa hakuona saa. Picha ya ubavuni hawajaigusa kabisa! Wamenipa tena siku 14 za kulipa nusu. Mke wangu ameisoma barua hiyo mara ya pili, na sasa hasira yake inashinda ya baba.

Kutoka: Mama, Cardiff

Kukataliwa mara ya kwanza ni kawaida, mwanangu. Mara nyingi jibu hilo ni barua ya kunakili tu. Sasa hapa muwe na moyo, maana mkiendelea ile nusu bei inaondoka. Mimi kwa picha hiyo ningeendelea.

Subirini Notisi kwa Mmiliki (Notice to Owner), barua rasmi ya halmashauri kwa mwenye gari. Inakuja kwa jina lililo kwenye kitabu cha gari, kwa hiyo kama gari ni la mke wako ni yeye atakayejibu, au akuandikie ruhusa umwakilishe. Hakikisheni anwani iliyoko DVLA, wale wanaosajili magari, ni ya sasa. Notisi ikipotelea nyumba ya zamani, deni linapanda kwa nusu nyingine, na mwisho wake ni madalali wa mahakama mlangoni. Mna siku 28 kujibu. Safari hii wanatakiwa wazizingatie hoja zenu zote, na wasipojibu ndani ya siku 56 mmeshinda.

Wakikataa tena, mnakwenda kwa mwamuzi huru, Traffic Penalty Tribunal kwa Uingereza nje ya London na huku Wales, London Tribunals kwa London. Ni bure, mnafungua kwa intaneti, na kusikilizwa kunaweza kufanyika kwa simu au video. Baba atoe maelezo kama shahidi, kwa maneno yake. Mwamuzi akiona sheria haijavunjwa anafuta. Akiona kosa lipo lakini kuna sababu nzito za huruma, anaweza kuirudishia halmashauri ifikirie upya, nao wana siku 35 za kujibu.

Nitumie barua kabla hamjaipeleka, niisome.

Kutoka: Mdogo wenu, Midlands

Notisi imefika leo, kwa jina la mke wangu kama ulivyosema. Anaandika mwenyewe. Picha ya ubavuni ameiweka ukurasa wa kwanza, ameikuza mpaka mshale wa saa unaonekana, na chini yake ameuliza swali moja tu: hii ni nini? Baba ameshatoa maelezo, ukurasa mmoja, na amesaini. Nakutumia usiku huu mama.