Baba anataka kuacha vidonge vya presha abaki na kitunguu saumu

Binti wa Pili:
Habari zenu wapendwa. Baba ana miaka 61, na kwa miaka minne sasa anameza losartan 50 mg na aspirini ndogo ya 75 mg. Mwezi jana rafiki yake alimshauri atafune punje tatu mbichi za kitunguu saumu kila asubuhi na anywe rosela jioni. Presha ilikuwa 148/92. Juzi nimempima, 131/84. Amefurahi mno, anasema vidonge basi. Mimi usingizi umenipaa. Sidharau miti shamba, bibi alitulea nayo. Ila namwambiaje mzee bila kumvunja moyo?

Mama Wawili:
Pole mdogo wangu. Mimi natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu mapigo ya moyo yaanze kwenda mrama. Niliongeza vidonge vya kitunguu saumu bila kumwambia daktari, maana niliona ni chakula tu. Fizi zikaanza kutoka damu nikipiga mswaki, kisha mapaja yakajaa vilio vya damu wala sikumbuki kujigonga popote. INR yangu, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Siku hiyo ilikuwa 4.8. Saumu huchelewesha damu kuganda, na aspirini ni hivyo hivyo, kwa hiyo baba anavyo vyote viwili. Muulize kuhusu fizi, damu puani, na choo cheusi. Usione haya, muulize.

Mfamasia Mstaafu:
Binti, hiyo 131 ameipata akiwa bado anameza losartan. Mwonyeshe hapo kwanza. Rosela hushusha presha kweli, saumu pia, lakini kwa pointi chache tu. Akiacha vidonge itapanda tena, na presha haipigi hodi.

Wala usimwambie mitishamba si dawa, kwa sababu si kweli. Digoksini tunayowapa wagonjwa wa moyo chimbuko lake ni majani ya mmea. Daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu yake mwaka 1785. Tatizo la mmea ule ni kipimo: kinachotibu na kinachoua vimekaribiana sana. Ndiyo maana nasisitiza daktari aambiwe kila kitu, hasa kabla ya upasuaji au kung'olewa jino. Na akiletewa chai ya dawa iliyochanganywa, angalieni kama ina urukususu. Mzizi ule mtamu hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini.

Mpe daftari. Akae ametulia dakika tano, apime asubuhi na jioni kwa siku saba huku vidonge vikiendelea, kisha aende nalo kliniki.

Binti wa Pili:
Asanteni sana. Nimemuuliza: fizi zinatoka damu tangu wiki iliyopita, alikuwa ananificha. Saumu mbichi ameiacha leo, vidonge amemeza mbele yangu. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari wake, na maua ya rosela nimeshayatia kwenye mkoba.