Picha ya kauboi inakuwa bora kwa lipi?

Maalim wa Wete

Assalamu alaykum. Ni mwalimu wa sekondari hapa Wete, na kila Jumamosi baada ya sala ya laasiri huwaonesha wanafunzi wachache picha moja kwa projekta, kisha tukaizungumza mpaka karibu na magharibi. Mwezi ujao nimekusudia picha za kauboi, kwa sababu wazee wao walizipenda mno enzi za majumba ya sinema, ilhali vijana wenyewe wanachokijua ni kofia na bastola tu. Nimetazama nyingi wiki hizi, na linalonitatiza ni hili: vilivyomo ni vile vile, farasi, vumbi, baa, mlinda sheria na wahalifu wake, lakini moja hunikaa moyoni siku kadhaa na nyingine huisahau kabla sijazima mashine. Ikiwa viungo ni vimoja, tofauti ya pishi inatoka wapi? Sidhani kuwa ni wingi wa risasi, kwani zile nilizozisahau ndizo zilizokuwa na maiti wengi. Sidhani kuwa ni ukweli wa historia pia, maana kipindi chenyewe cha kuswaga ng'ombe kutoka Texas hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, hakikufika hata miaka 30, na picha zimekirefusha kana kwamba kilikuwa karne nzima. Naomba mnieleze nyinyi mnatazama nini, na mnitajie moja ya kuanzia.

Mzee wa Mkunazini

Wa alaykum salaam, Maalim. Ujana wangu niliumalizia kwenye viti vya mbele vya Majestic, pale Vuga, na tangu wakati huo nazipima picha hizi kwa jambo moja: risasi inachelewa kiasi gani, na ikishatoka, nani anailipa.

Chukua *High Noon* ya mwaka 1952. Ina dakika 85, na hadithi yake inakwenda takriban kwa urefu huo huo. Inaanza saa nne na ushei, asubuhi ya Jumapili, na treni inayomleta muuaji aliyetoka kifungoni inatarajiwa saa sita kamili za mchana. Gary Cooper ni mlinda sheria aliyefunga ndoa asubuhi hiyo na kuvua beji yake, akaivaa tena, kisha akapita mlango kwa mlango kuomba watu wasimame naye: baa, nyumbani kwa rafiki, hata kanisani katikati ya ibada. Kila mmoja ana udhuru, na udhuru wenyewe ukiusikiliza ni wa maana, na hapo ndipo penye uchungu. Saa ya ukutani inaoneshwa tena na tena, jasho linamtoka, na mapigano yanabakishwa mpaka dakika za mwisho. Mkewe, ambaye dini yake inamkataza kuua, ndiye anayempiga mmoja wa wahalifu risasi ya mgongoni ili kumwokoa mumewe. Mambo yakishamalizika, watu wa mji wanajitokeza, na yeye anaivua beji, anaitupa vumbini na kuondoka bila ya kusema neno. Ukumbi wetu, uliozoea kumshangilia staringi mpaka sauti zikakauka, siku ile ulinyamaza, na kimya kile nakikumbuka zaidi kuliko kelele zote za picha nyingine.

Sergio Leone, Mtaliano, alikipeleka kimya hicho mbali zaidi. Mwanzoni mwa *Once Upon a Time in the West*, ya mwaka 1968, watu watatu wanasubiri treni katika kituo kikavu, na kwa dakika nyingi husikii ila kinu cha upepo kinacholia kwa kukosa mafuta, nzi, na maji yanayodondokea kofia. Ennio Morricone alikwisha kuitunga sehemu kubwa ya muziki kabla ya kupiga picha, na Leone akawapigia waigizaji muziki huo palepale kazini, ndiyo maana hata mwendo wao unafuata mapigo yake. Kuna mtu anayepiga kinanda cha mdomo picha nzima, na maana ya sauti ile huijui mpaka pambano la mwisho. Sitaieleza, muwaachie vijana waione wenyewe.

Mwanasheria wa Chake Chake

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe, lakini naona kuchelewa kwa risasi ni dalili, na sababu iko chini yake. Risasi inachelewa pale penye mgogoro wa kweli ambao sheria ingepaswa kuuamua, na sheria bado haijafika. Katika picha hiyo hiyo ya Leone, damu yote inamwagika kwa ajili ya kisima. Treni ya mvuke haiendi bila ya maji, reli inakaribia, na mwenye ardhi ile yenye maji katikati ya jangwa ndiye atakayekuwa na kituo na mji. Mwenyewe ni mwanamke aliyewasili kutoka New Orleans na kukuta mume wake na watoto wa mumewe wameuawa. Aliyewahi kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba la mikarafuu hahitaji kufafanuliwa kwa nini watu wanafika huko.

Nataka pia liulizwe swali ambalo picha nyingi za zamani zililikimbia: ardhi ile ilikuwa ya nani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 iliwagawia walowezi ekari 160 kila mmoja, katika nchi ambayo wenyeji wa asili walikuwa wakiishi, na sinema ikawafanya wenyeji hao kuwa kelele za nyuma ya mlima, bila ya majina. Ndiyo maana *The Searchers* ya John Ford, ya mwaka 1956, inanipendeza na kunikera kwa pamoja. John Wayne anamtafuta kwa miaka mpwa wake aliyetekwa na Wakomanchi, kabila mojawapo la wenyeji hao, na kadiri anavyokaribia tunatambua kuwa anakusudia kumuua, kwa chuki ya damu tu. Picha inatuacha tukae na chuki ile bila ya kuisafisha, na mwishoni mlango wa nyumba unafungwa yeye akiwa nje. Lakini Wakomanchi wenyewe hawakupewa nafasi ya kusema, na waliowaigiza wengi wao walikuwa Wanavajo, kabila jingine kabisa, katika bonde lao la Monument Valley, ilhali hadithi inadai kuwa ni Texas. Ioneshe, Maalim, lakini usiioneshe bila ya mazungumzo.

Mwanafunzi wa Tunguu

Naongeza moja tu, *Unforgiven* ya Clint Eastwood, ya mwaka 1992, iliyopata Oscar ya picha bora. Kijana aliyejisifu kuwa muuaji anaua mtu kwa mara ya kwanza, chooni, kisha anaketi chini ya mti akinywa na kulia. Mzee wangu, hiyo ndiyo risasi unayoisema, na aliyeilipa ni aliyeifyatua.

Mzee wa Mkunazini

Mwanasheria, umenirekebisha, nami nashukuru. Tulipokuwa vijana tulimshangilia Wayne bila ya kujiuliza anamfukuza nani.

Maalim wa Wete

Ahsanteni sana. Nitaanza na *High Noon*, nami nitaisimamisha pale kanisani niwaulize vijana nani kati yao angeinuka. *The Searchers* itafuata, yenye somo zima la mazungumzo. *Unforgiven* inaanza na mwanamke kukatwa usoni kwa kisu, kwa hiyo nitaibakisha kwa wale wa kidato cha sita. Mzee wangu, ukipata wasaa wa kuvuka kwa boti Jumamosi ya kwanza, kiti cha mbele ni chako.